Namna ya Kulinganisha Mlo wa Nyama na Mlo Usio na Nyama

Anayetaka kulinganisha milo hii miwili aanze na chakula anachokula kila siku, si jina la mlo. Chipsi na soda havina nyama, lakini havijengi mwili; kadhalika ugali kwa dagaa na matembele hauwezi kuwekwa kapu moja na soseji za kila asubuhi. Andika kwa juma zima vyakula vinavyoliwa nyumbani, kisha ujiulize: nyama ikiondolewa, kitawekwa nini mahali pake? Kwa upande wa afya, hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Zitenganishe nyama zenyewe. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ikakadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu ambayo haijasindikwa iliwekwa katika kundi la chini yake, lile la vitu vinavyodhaniwa kuwa na madhara hayo. Basi anayepunguza aanzie hapo, kabla ya kugusa samaki.

Maharage, kunde, choroko na mbaazi hutoa protini ya kutosha zikiliwa pamoja na nafaka. Madini ya chuma yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa yale ya mimea hayafyonzwi kwa urahisi kama ya nyama. Kamulia limau kwenye mboga, au kula chungwa pamoja na mlo, na chai isogezwe mbali na saa ya chakula, kwa sababu huzuia ufyonzaji huo. Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Asiyekula hata mayai na maziwa lazima atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na mama mjamzito asilifanyie mzaha jambo hili, bali aulize kliniki mapema.

Kuhusu maadili, usiishie kuuliza kama mnyama alichinjwa; uliza pia aliishi vipi. Katika ufugaji wa kuku wa mayai wa viwandani, katika nchi nyingi vifaranga vya kiume huuawa mara baada ya kuanguliwa, kwa hiyo anayeacha nyama na kuendelea na mayai hayo bado ana swali la kujibu. Ng'ombe hutoa gesi ya methani inayoongeza joto la dunia, na hilo ni kweli. Hata hivyo, katika nyanda kavu kama Simanjiro, ambako mvua mara nyingi haitoshi kukuza mahindi, mifugo hugeuza majani asiyoweza kula mtu kuwa maziwa na nyama, nami sioni haki ya kumlaumu mfugaji huyo kwa kipimo kilekile cha kiwanda. Kwa mkazi wa mjini mwenye uwezo wa kuchagua, napendekeza vyakula vya jamii ya kunde viwe chakula cha siku nyingi za juma, na nyama inunuliwe kidogo, kwa mfugaji au bucha anayeweza kueleza ilikotoka.