Kabla Hujalala Kwenye Nyumba ya Udongo: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Kupe na Papasi

Mavuno yakiisha, sisi wa mjini tunarudi kwetu. Huyu ana harusi, yule anakwenda kuhani msiba, mwingine anakwenda kuwaona ng'ombe aliowaacha kwa wadogo zake. Kabla hujapanda basi, soma haya mpaka mwisho. Yaliyotukuta sisi sitaki yamkute mwingine.

Nianze na mepesi. Ukienda machungani au ukipita kwenye majani marefu, vaa suruali ndefu, ichomeke kwenye soksi, na viatu viwe vya kufunika. Chagua nguo ya rangi nyeupe au ya maziwa ili kupe akipanda umwone.

Jioni jikague: kwapani, kwenye kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, pale mkanda wa suruali unapobana. Watoto wakaguliwe na mtu mzima, wasiachiwe wajitazame wenyewe. Ukimkuta kupe amejishikiza, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa, wala usimpasue kwa kucha. Ukimaliza nawa kwa sabuni na uoshe pale alipouma.

Dawa ya kuogeshea mifugo usijipake mwilini. Nimeona watu wazima wakijipangusa nayo miguuni kabla ya kuingia porini. Ile ni sumu iliyopimwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe.

Yupo kupe mkubwa wa ng'ombe na wanyama wa porini, mgongo wake una madoa ya rangi na miguu yake ina mistari kama pete. Huyo mjue vizuri. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo ndiye analeta ugonjwa wa moyo maji, na kwa binadamu anabeba bakteria wa jamii ya riketsia. Akikuuma, kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 10 unapata homa, kichwa na misuli inauma, tezi za kinena zinavimba, na pale alipouma panabaki kigaga cheusi kama umechomwa na sigara. Wengine wanakuwa na vigaga viwili au vitatu. Watalii wanaotoka mbugani hurudi Ulaya na ugonjwa huu na kupimwa hukohuko, lakini sisi wenye ng'ombe tunasema ni kijipu tu. Ukiona kigaga cheusi na una homa, mwonyeshe daktari, hata kama kipo mahali pa aibu. Unatibika kwa dawa za kawaida. Kupe wa mbwa naye ana riketsia yake, kwa hiyo mbwa asilale mnapolala. Na kama unapeleka mifugo mipya kijijini, uliza kwanza josho linafanya kazi na ng'ombe wanaogeshwa kila baada ya siku ngapi. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe hana kinga; moyo maji au ndigana baridi itamwangusha haraka.

Sasa nije kwenye papasi.

Papasi si kupe wa majani. Anaishi ndani ya nyumba pamoja na watu: kwenye nyufa za kuta za udongo, kwenye vumbi la sakafu, chini ya mitungi, kwenye banda la kuku. Hana gamba gumu mgongoni. Ngozi yake imekunjamana kama ya begi kuukuu na rangi yake ni ya vumbi lenyewe. Anatoka usiku, anakunyonya kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa, halafu anarudi ufani. Asubuhi humwoni, unaona alama ndogo tu. Anaweza kukaa miaka bila kula na asife. Tena anabeba vimelea, yaani bakteria, wa homa ya papasi, na jike mwenye nao huwarithisha watoto wake kupitia mayai, kwa hiyo hata papasi aliyeanguliwa jana anaweza kuwa nao.

Haya yanajulikana siku nyingi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, aliwachunguza papasi hapahapa nchini, enzi za Mjerumani, akawakuta kwenye vibanda vya njia za misafara walimolala wapagazi. Mwaka huohuo daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alifia Kasongo, mashariki mwa Kongo, akiwa anauchunguza ugonjwa huu, na bakteria wake akapewa jina lake: Borrelia duttonii. Sisi tulizaliwa Ugogo, tumekua tukilisikia neno papasi, na bado tukalala juu yao.

Bibi yetu alifariki mwezi wa nane. Nyumba yake ni tembe la zamani, na ndani mlikuwa na chumba kilichokuwa ghala, kimefungwa tangu babu afariki, miaka kama minne. Waombolezaji walikuwa wengi. Sisi wanawake tukakifungua, tukafagia, vumbi likatimka mpaka tukakohoa, tukatandika mikeka chini. Tulilala tisa. Usiku tulijikuna, tukasema ni viroboto. Siku ya tatu tukaanua matanga, kila mmoja akaenda zake: mimi Morogoro, mdogo wangu Dar es Salaam, shangazi Singida, na wengine huko kwao.

Siku ya nane nikashikwa na baridi mpaka kitanda kikawa kinalia. Kipimo cha haraka cha malaria kikasema hakuna. Nikaambiwa ni mkojo mchafu na taifodi kidogo, nikapewa dawa. Siku ya tatu ya homa nililowa jasho mashuka yote, asubuhi nikaamka mwepesi, nikapika ugali nikala. Nikaisifu dawa ile kwa majirani. Baada ya wiki moja homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza.

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Naye alipimwa malaria ikakosekana, naye homa ikakata, naye akanipigia simu akiwa na furaha: "Dada, nimepona." Iliporudi, ilirudi na uchungu. Mtoto alizaliwa usiku wa manane. Kulipokucha hakuwa nasi tena.

Aliyetufumbua macho ni mtaalamu wa maabara wa zahanati moja ndogo, mzee aliyekaribia kustaafu. Shangazi alifika kwake akitetemeka. Yule mzee, kabla hajashika sindano, alimuuliza, "Mama, wiki mbili hizi umelala wapi?" Shangazi akamweleza msiba. Akamtoa damu palepale homa ikiwa juu, akaipaka kwenye kioo, akaitazama kwa hadubini. Akamwita shangazi naye achungulie: kati ya chembe za damu kulikuwa na vitu vyembamba vilivyojisokota kama nyuzi za sweta lililofumuliwa, vinachezacheza. Shangazi akatupigia simu wote jioni ile. Kati ya tisa tuliolala mle, wanne tulikuwa wagonjwa, katika miji mitatu, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Kwa hiyo nisikilize. Mkishalala wengi nyumba moja, bakini na namba za simu, na mmoja akipata homa awaambie wenzake siku hiyohiyo. Hospitali usingoje kuulizwa, sema mwenyewe, "Nililala chini kwenye nyumba ya udongo tarehe fulani." Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta malaria peke yake, hakiwezi kukuonyesha ugonjwa wa papasi hata ukirudiwa mara kumi. Omba damu iangaliwe kwa hadubini, na itolewe wakati homa imepanda, kwa sababu homa ikishuka vimelea huadimika kwenye damu na kioo kitatoka safi.

Na homa kukata si kupona. Mwili unapowatambua bakteria hawa na kuwaua, wachache wanabadilisha vazi lao la nje, wanazaliana upya, na mwili unaanza vita mwanzo. Ndiyo maana homa huja, huondoka, hurudi. Ukiwa umetoka kijijini na homa yako ina tabia hiyo, usikubali kuambiwa mara ya tatu kuwa ni taifodi.

Dozi ya kwanza ya dawa imeze au uchomwe ukiwa kituo cha afya, na ukae hapo kwa saa kadhaa. Mimi nilipoanza dawa, saa mbili baadaye nilitetemeka kuliko siku zote na presha ikashuka. Muuguzi alikuwa ameshanieleza kwamba bakteria wakifa wengi kwa mkupuo, mwili hufanya hivyo, na alikaa kando yangu mpaka ikapita. Ningekuwa nyumbani peke yangu usiku, ningeitupa ile dawa nikidhani inaniua. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito, maana dawa za tetrasaiklini tunazopewa sisi wengine si za kwake. Zipo nyingine anazopewa. Wajawazito na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi na ugonjwa huu. Kama una mimba na kuna msiba kijijini, nenda ukazike, lakini usilale kwenye chumba cha zamani. Ndugu wakinuna, wanune.

Baada ya hayo tulirudi na mjomba. Alichukua ncha ya kisu akachokoa ufa mmoja pembeni mwa mlango wa lile ghala, vumbi likamwagika juu ya gazeti. Niliona vumbi tu. "Subiri, mwanangu," akasema. Tukasubiri. Kisha punje moja ya vumbi, kubwa kama mbaazi iliyonyauka, ikatoa miguu ikaanza kutembea. Halafu ya pili. Tulihesabu kumi na mmoja kutoka kwenye ufa usiozidi urefu wa kiganja.

Basi, kwenye begi weka chandarua chenye dawa, hata kama ni kiangazi na hakuna mbu hata mmoja, na ukichomeke vizuri chini ya godoro. Omba kitanda, kisogeze mbali na ukuta, shuka lisiguse sakafu. Kama vitanda havitoshi, heri kulala uani kwenye hema, mbali na kuta kuukuu, kuliko kufungua chumba kilichofungwa miaka. Ukiona aibu kumwambia mama mkwe, sema daktari amekuagiza. Ndiyo, nimekuagiza mimi, na daktari yeyote anayewajua papasi atakuagiza hivyohivyo. Kuku wasilale chumba kimoja na watu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha kwamba kule Mvumi, Dodoma, wamewakuta bakteria wa ugonjwa huu kwenye damu ya kuku na nguruwe. Mwenye uwezo awasaidie wazee: kuta zipigwe lipu, nyufa zizibwe, sakafu iwekwe saruji. Fedha ya kreti tatu za soda za sherehe inanunua mfuko wa saruji na chenji inabaki.

Mengine ni ya kawaida lakini yafanye. Maziwa yachemke. Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, usiishike kwa mikono mitupu. Watoto wasichezee mashimo ya ngiri, maana wapo papasi wanaoishi humo pia. Ukirudi mjini, weka alama kwenye kalenda, wiki tatu mbele, na homa yoyote ndani ya siku hizo uihesabu kuwa imetoka safarini mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mabegi yakung'utwe nje. Mikeka na matandiko ya kule yaache kulekule. Mimi nilitaka sana mkeka wa bibi, aliousuka mwenyewe. Niliuacha juu ya paa la tembe, jua liuchome, na mjomba aliniletea mwaka uliofuata, baada ya kuukagua ukili kwa ukili.