Kabla ya kumwendea wakili kwa mambo ya mirathi

Mnaotaka kufungua mirathi, iwe Unguja au Pemba, kabla ya kumlipa wakili andikeni kwanza nani alitangulia kufa. Mafungu ya sheria ya Kiislamu yanajulikana, kinachokoroga familia ni tarehe. Mtoto wa kiume akifa kabla ya baba yake, watoto wake huzuiliwa na ami zao walio hai. Akifa hata siku moja baada ya baba, fungu lilishakuwa lake, na wanawe wanalirithi. Kwa hiyo vyeti vya vifo vitafutwe vyote, hata vya zamani.

Kisha madeni, ikiwemo mahari ambayo mke hakulipwa (hili watu hujisahaulisha makusudi). Wasia hauvuki thuluthi, wala haumfai mrithi mpaka wenzake waridhie.

Ulizeni pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama lile shamba la mikarafuu si wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya kheri. Likiwa wakfu, haligawiwi kama urithi.

Na kama bibi mwenye mali yu hai ila fahamu zimempotea, hapo hakuna mirathi bado. Anayemshika kidole gumba akitie kwenye karatasi ya hiba (kutoa mali zawadi) azuiwe mapema, na cheti cha daktari kiwe tayari mkononi.