Kuchovya pingili za muhogo kabla ya kupanda: maji moto kwanza, kisha mwarobaini

Vidung'ata, vidugamba na utitiri wa kijani, wadudu waharibifu wa muhogo, mara nyingi huingia shamba jipya wakiwa wamebebwa na mbegu, yaani pingili (vipande vya shina) tunazopanda. Hujibanza kwenye macho ya pingili na kwenye makovu ya majani yaliyodondoka, wakingoja chipukizi. Hao ndio tunaowaondoa kwa kuchovya. Batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi ya muhogo, hayaondoki hivyo, maana virusi vimo ndani ya shina.

Hatua ya 1: Chagua mbegu majani yakiwa bado juu

Chukua mashina ya miezi 8 hadi 12. Yenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka ya manjano, yaache. Michirizi ya kahawia hujificha zaidi: tazama majani ya chini, kisha ng'oa shina na upasue mizizi. Ukikuta madoa makavu ya kahawia ndani, shina hilo si mbegu hata kama lilinawiri.

Kata sehemu ya katikati, sentimita 20 hadi 30, yenye macho 5 hadi 7. Ncha ni laini mno, hukauka kabla ya kuota. Panga lazima liwe kali, kwani pingili iliyopondeka huanza kuozea pale pale. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, ekari moja hutaka pingili 4,000 hivi.

Hatua ya 2: Andaa mwarobaini jioni ya kuamkia siku ya kupanda

Menya mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini. Viini vyeusi au vyenye ukungu tupa. Twanga gramu 500, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Ongeza mililita 10 za sabuni ya maji. Usiiruke sabuni: kidung'ata amefunikwa nta nyeupe kama pamba, na bila sabuni maji huteleza juu yake. Weka ndoo kivulini, kwa kuwa jua hudhoofisha mwarobaini, na uitumie siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Maji moto

Changanya debe moja la maji yanayochemka na debe moja la maji baridi, koroga, kisha zamisha pingili kwa dakika 5 hadi 10. Nyembamba zitoe mapema. Hapa ndipo wengi huharibu mbegu. Ukitumia maji yanayochemka bila kuyapoza, macho hufa na pingili haioti. Ukijaza pingili nyingi kwa mara moja, maji hupoa ghafla na wadudu hubaki hai. Weka kiasi kinachozama chote na kubakiza nafasi ya kukoroga, na kila fungu lipate maji mapya. Kama ni mara yako ya kwanza, jaribu pingili 20, zipande kwenye tuta lenye unyevu, na usubiri wiki mbili uhesabu zilizoota kabla ya kugusa mbegu ya ekari nzima.

Hatua ya 4: Mwarobaini

Pingili zikishapoa, zichovye kwa dakika 10 hivi. Zikilala humo usiku kucha zitaloana kupita kiasi na kuoza. Mwarobaini hauui papo hapo: humzuia mdudu kula na kujivua ngozi, basi usishangae kuona anayetembea bado. Maji yakijaa utomvu na vumbi, yamwage mbali na kisima na bwawa la samaki.

Hatua ya 5: Panda siku hiyo hiyo

Zitandaze juu ya gunia kivulini zichuruzike, kisha zipande kwenye udongo wenye unyevu. Katika ardhi kavu pingili hudhoofika na mchwa huzimaliza. Mabaki ya mashina yenye wadudu yachome, yasirundikwe pembeni mwa shamba.

Chipukizi zikitokeza, pita kila wiki. Ncha iliyodumaa na majani yaliyojikusanya kama kichaka ni dalili ya kidung'ata: ikate na uichome. Mche wenye batobato ng'oa mzima, kabla nzi weupe hawajaupeleka ugonjwa kwa jirani zake.