Kutayarisha sakafu ya sefu ya bunduki: zege kwanza, sefu baadaye

Sefu huibwa nzima. Mwizi mzoefu hahangaiki na namba za siri. Anakuja na mtaimbo na wenzake wawili, wanaing'oa, wanaipakia na kwenda kuifungulia wanakojua wao. Silaha ikiondoka hivyo, itarudi mtaani mikononi mwa mtu asiyejulikana. Hapa Tanzania mmiliki ndiye anayewajibika kuitunza, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwa hiyo mteja akiniita nimfungie sefu, mimi naanza na sakafu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito

Tuseme sefu ina kilo 400 na kitako chake ni sentimita 75 kwa 60. Weka bunduki, risasi na nyaraka, kilo 50 nyingine. Hizo ni kilo 450 juu ya eneo lisilofika nusu mita ya mraba, sawa na kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Slabu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha juu usikiguse kabla mhandisi hajaangalia michoro. Ninayoeleza hapa ni kwa chumba cha chini, jamvi lililokaa juu ya ardhi.

Hatua ya 2: Isikilize sakafu

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Shika nyundo, gonga sakafu kila baada ya shubiri moja. Pakijibu "ti, ti", mlio mkavu, zege limekalia kitu. Pakijibu "bu", kifusi kimeshuka na chini kuna uwazi. Halafu toboa tundu moja la majaribio, ingiza waya uliokunjwa ncha, uvute mpaka unase chini ya zege, upime unene.

Miaka yangu ya mwanzo sikupima. Nilikuta marumaru nzuri zinang'aa, nikaanza kutoboa, na drili ikazama ghafla: zege lilikuwa sentimita 5, chini yake mchanga mtupu. Mteja alikuwa na haraka, nikakaza bolti hivyohivyo. Masika yalipopita, sefu ilikuwa imeinamia mbele na mlango haufungi mpaka uunyanyue kwa mkono. Nilirudi kuvunja na kumwaga upya kwa fedha zangu. Tangu siku hiyo, sefu ikizidi kilo 200, navunja na kumwaga jamvi lake maalumu, hata mwenye nyumba akiniapia kwamba sakafu yake ni imara.

Pima na unyevu. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 kwenye zege tupu, ziba kingo zote kwa selotepu, iache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini. Kwa sisi wa pwani, sefu huanza kuoza kitakoni, mahali ambapo huoni.

Hatua ya 3: Kata na chimba

Kata mraba wa mita 1 kwa 1 kwa grenda, vunja kwa tindo na nyundo, chimba kina cha sentimita 25 kutoka usawa wa sakafu. Ukikaribia ukuta, angalia usichimbe chini ya msingi. Udongo ukiwa mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, ongeza kina, uuondoe na ujaze moramu.

Sentimita 10 za chini jaza kokoto na moramu, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa tabaka mbili mpaka kisigino kisiache alama. Piga dawa ya mchwa, kisha tandika nailoni nzito ya geji 1000 na uipandishe pembeni hadi juu.

Hatua ya 4: Nondo na boksi

Nondo moja ya milimita 10 yenye urefu wa mita 12 inatosha. Kata vipande 10 vya sentimita 90, panga 5 huku na 5 kule, funga kwa waya, nyanyua kwa vipande vya zege vya sentimita 5.

Sasa chukua boksi la karatasi ngumu, lilaze chini ya sefu au ulipime kwa vipimo vyake, uchore matundu yote ya bolti. Liweke juu ya nondo, mahali sefu itakapokaa, na usogeze nondo zilizo chini ya matundu. Usipofanya hivi, siku ya kutoboa drili itagonga chuma na utaanza kuhamisha matundu. Kila tundu liwe angalau sentimita 12 kutoka ukingo wa jamvi.

Hatua ya 5: Zege

Kwa sentimita 15 zilizobaki unahitaji mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji lita 25 hadi 28, basi. Kibarua akitaka kuongeza ili koleo liende vizuri, mkatalie. Zege la uji halishiki bolti. Mchanga wa baharini usiutumie, chumvi yake inakula nondo. Choma-choma zege kwa kipande cha nondo litoe hewa, sawazisha kwa rula na pima maji.

Funika, mwagilia siku 7. Toboa baada ya siku 28. Na katika siku hizo, watu wanaojua kinachokuja kukaa pale wawe wachache.

Hatua ya 6: Kuketisha sefu

Tandaza mbao juu ya marumaru za njiani, telezesha sefu juu ya mabomba ya chuma. Chini yake weka mpira mgumu wa milimita 3 ili kitako kisigusane na zege. Palipopungua, ongeza vibati vya chuma. Ubao hubonyea, na mchwa wanaupenda.

Toboa kupitia matundu ya sefu kwa bolti za kutanuka za milimita 12, kina cha sentimita 10. Puliza vumbi lote kwa pampu ya baiskeli, sugua kwa brashi, puliza tena. Vumbi likibaki, bolti inakamata unga.

Kaza nusu tu kwanza. Fungua mlango hadi katikati, uuachie. Ukijiendea wenyewe, rudi kwenye vibati. Ukitulia pale ulipouacha, kaza bolti zote kwa mshazari mpaka mwisho.