SOMO: Jinsi ya kupata volteji ya prosesa isiyoyumba kwenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja)

Wakuu, wengi wakipunguza volteji bodi ikawaka wanasema tayari. Hapana aisee, prosesa yenye volti pungufu mara nyingi haigandi, inakosea hesabu kimyakimya na mafaili yanaharibika hujui hata lini. Chukua bakapu ya kadi ya SD kwanza, hii usiruke.

1. Jua ulipo. Kwenye terminal piga vcgencmd measure_volts core (inaonyesha volteji ya prosesa) bodi ikiwa imetulia, halafu tena ikiwa na kazi nzito, maana volteji inapanda na kushuka pamoja na kasi.

2. Fungua /boot/firmware/config.txt (OS za zamani ni /boot/config.txt) weka over_voltage=-1, yaani shusha volteji ya prosesa hatua moja. Kila namba ni milivolti 25. Shuka moja moja, washa upya, pima.

3. Hapa ndo kwenye kazi. Anza na stress-ng --cpu 4 --verify -t 30m (programu ya kuibebesha prosesa kazi nzito), hiyo --verify ndo inakagua majibu, bila hiyo unapasha bodi joto tu. Kisha weka faili la mega 300 hivi kwenye /dev/shm (folda iliyo kwenye RAM), liite test, halafu:

for i in $(seq 50); do sha256sum /dev/shm/test; sleep 3; done | sort | uniq -c

Hiyo sleep inaiacha prosesa ishuke kasi halafu ikurupuke tena, na kwenye kukurupuka ndo nyingi zinateleza. sha256sum inapiga hesabu ya alama ya faili, na faili lisilobadilika lazima litoe alama ile ile, kwa hiyo unatakiwa uone mstari mmoja wenye 50. Yangu kwenye -4 stress-ng ilipita safi kabisa, hapa ikaleta mistari miwili, 49 na 1, faili lile lile sijaligusa!

4. Ukijua inapofelia panda hatua mbili, siyo moja, halafu rudia vipimo kasha likiwa limefungwa. Pitia na dmesg (kumbukumbu za mfumo), ukikuta segfault (programu kuanguka ghafla) zisizoeleweka panda tena.

MASWALI

– Mkuu mi naona alama ya radi kwenye skrini, niongeze over_voltage?

Usiongeze. Ile ni 5V inayoingia imeshuka chini ya 4.63V, yaani chaja au waya, na ukiongeza volteji ya prosesa ndo itazidi kunyonya umeme. Piga vcgencmd get_throttled, ikileta 0x0 uko salama, ikileta 0x50000 umeme ulishashuka na kasi ikabanwa tangu iwake, kwa hiyo vipimo vyako vyote havina maana, badili chaja uanze upya.

– Na sisi wa arm_freq=2000 (tuliopandisha kasi ya prosesa hadi 2000MHz)?

Anza na over_voltage=6, ikitulia ndo ushuke. Weka feni, maana kwenye nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi yenyewe. Juu ya 6 inataka force_turbo=1, na hapo alama ya waranti inachomwa kwenye chipu, haifutiki.

– Nimeweka -6 haiwaki kabisa, nimeiua??

Hahaha hujaiua. Chomoa kadi, chomeka kwenye kompyuta, ile sehemu ya boot inaonekana hata kwa Windows, futa huo mstari uirudishe.