Kabla hujachora grafu ya takwimu

Grafu nyingi zinazowachanganya watu ukumbini huwa zimeharibika kabla hazijachorwa. Mtu kafungua Excel, kachagua jedwali zima, kabofya grafu ya kwanza iliyojitokeza, kisha anahangaika na rangi usiku kucha. Yapo mambo ya kuamua kabla ya hapo, na nitayaeleza kwa takwimu ambazo wengi tunazikuta kazini: za Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania.

Anza na swali, na liwe moja. "Idadi ya watu kimkoa" si swali, ni jina la jedwali. "Mkoa upi uliongoza kwa watu mwaka 2022?" ni swali, "Mkoa upi umeongeza watu wengi zaidi tangu 2012?" ni swali jingine, na grafu yake ni nyingine. Liandikie jibu la sentensi moja, kisha sentensi hiyo ifanye kichwa cha grafu. "Dar es Salaam iliongeza watu milioni moja kati ya 2012 na 2022" inamwonyesha msikilizaji pa kutazama kabla hujafungua mdomo. Sentensi isipopatikana, bado hujajua unachotaka kusema. Na ikitosha yenyewe, achana na grafu. Wanawake walikuwa asilimia 51.3 ya watu wote waliohesabiwa mwaka 2022. Duara lililokatwa karibu katikati litaongeza nini hapo?

Ukishapata swali, kagua kama namba zako zinalinganishika. Hapa usiwe na haraka, maana kosa la hapa halionekani kwa macho. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410. Ya 2022 ikaipa 2,343,754. Ziweke nguzo hizo mbili bega kwa bega, na ukumbi mzima utaamini kwamba watu zaidi ya laki tatu na nusu wameuhama mkoa. Kumbe mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Ukiirudisha Songwe kwenye hesabu, eneo lilelile lilikuwa na watu 3,688,441 mwaka 2022, yaani limeongeza karibu milioni moja. Programu haijui historia ya mipaka. Kuijua ni kazi yako.

Miaka nayo ina mtego wake. Tangu Muungano, sensa zimefanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, kwingine kote ni 10 au 11. Programu ikiichukulia miaka hiyo kama majina tu, itaipanga kwa nafasi sawa, na hapo mstari wako utasema uongo. Watu walitoka takriban milioni 23.1 hadi 34.4 katika ile miaka 14, ongezeko la milioni 11.3, kumi iliyofuata ikawafikisha milioni 44.9, ongezeko la milioni 10.5. Kwa nafasi sawa, inaonekana kasi ilipungua baada ya 2002. Gawa kwa miaka uone: laki nane hivi kwa mwaka kipindi cha kwanza, zaidi ya milioni moja kwa mwaka kipindi cha pili. Kasi iliongezeka.

Baada ya hayo, umbo la grafu huwa karibu limejichagua. Mabadiliko ya miaka mingi yanataka mstari; kulinganisha vitu kunataka nguzo. Duara liachie sehemu mbili tatu za kitu kizima zinazotofautiana waziwazi. Tanzania ina mikoa 31, na nimeona duara lenye vipande 31 na rangi 31, pembeni majina kwa herufi za kusomea kwa miwani. Jicho la binadamu hupima urefu vizuri kuliko pembe, kwa hiyo tumia nguzo badala ya duara, na uzilaze, majina yasomeke bila kupinda shingo, na zipangwe kutoka kubwa hadi ndogo. Mpangilio wa alfabeti unamfaa anayetafuta mkoa wake tu.

Nguzo lazima ianzie sifuri. Mwanza ilikuwa na watu milioni 3.70 mwaka 2022, Tabora milioni 3.39; tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi. Anzisha grafu kwenye milioni 3.3, nguzo ya Mwanza itaizidi ya Tabora zaidi ya mara nne. Mstari hauna masharti makali hivyo, kwa sababu pale tunasoma mwelekeo, hatusomi urefu.

Ramani ya rangi inapendeza na wakubwa huipenda, lakini Tabora ina eneo la zaidi ya mara hamsini la Dar es Salaam. Mkoa wenye watu wengi kuliko yote utakuwa nukta pembeni mwa bahari.

Kuhusu rangi, nguzo zote ziwe kijivu isipokuwa ile unayoizungumzia. Nyekundu na kijani zisitegemewe kutofautisha kitu: wapo wasioziona tofauti, hasa wanaume, na kopi za nyeusi na nyeupe atakazogawiwa kila mtu zitazifanya kijivu kilekile. (Kijani na njano pamoja mbele ya baraza la madiwani zitakuletea maswali yasiyohusu takwimu.)

Siku moja kabla, washa projekta ya ukumbi huohuo, kaa kiti cha mwisho nyuma, mapazia yakiwa wazi kama yatakavyokuwa. Usichokisoma ukiwa pale, kikuze au kifute. Angalia pia kama chini ya grafu umeandika chanzo na mwaka, "Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Sensa ya 2022", kwa maana ndilo swali la kwanza la mtu anayetaka kukupinga. Jedwali kamili usilipandishe kwenye skrini, ila lichape na uwe nalo mkononi: haijalishi grafu yako ni safi kiasi gani, kuna diwani atakayesimama kuuliza za kata yake.