Kamera ielekee ziwani: kuuza safari za ndege ukiishi jirani na jeshi la anga

Kazi yangu ni kuwafanya watu waangalie ndege. Majirani zangu nao kazi yao ni kuhakikisha watu hawaziangalii sana. Siku hizi tunaelewana, lakini elimu yake niliilipia. Na kwa kuwa kila mara kuna kijana anaajiriwa masoko kwenye kampuni ya ndege, halafu anapanga chumba Entebbe ili akwepe foleni za Kampala, naandika haya apunguziwe ada.

Mimi nauza viti vya Cessna Caravan, zile ndege za injini moja zinazowapeleka watalii Kidepo, Kihihi, Kisoro na Kasese. Nakaa upande wa Kigungu, kwenye rasi ile waliyoshukia Padre Lourdel na Bruda Amans mwaka 1879. Mbele yangu ziwa, nyuma yangu uwanja. Mgeni ukimtajia uwanja wa Entebbe anafikiria jengo la abiria na foleni ya pasipoti. Sisi wa huku tunajua kuna na ule wa zamani, ambao uko mikononi mwa jeshi la anga, na kuna kona ya ndege nyeupe za Umoja wa Mataifa. Anga ni moja. Kelele pia.

Jambo moja lilinisaidia kuliko cheti changu cha chuo: nimezaliwa kambini. Baba alikuwa sajini, na Kiswahili changu ni cha laini, yaani nyumba za askari kambini, cha mama wa Kiacholi akimwita mtoto wa Kinyankole aje ale. Kampala bado kuna watu wakisikia Kiswahili wanakumbuka vizuizi vya barabarani na kushusha sauti. Huku kwetu ndiyo lugha ya kupitia getini. Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya kununua kamera au kuandika tangazo: jifunze kusalimia. "Shikamoo afande" kwa aliyekuzidi umri, "habari ya kazi afande" kwa kijana, kisha nyamaza umsikilize. Usianze na kitambulisho cha kampuni, wala usitaje jina la mkubwa unayemfahamu. Anayetaja wakubwa ndiye anayekaguliwa begi.

Kelele

Mteja wako yuko Hamburg au Nairobi, mko kwenye simu, unamweleza jinsi Kidepo kulivyo kimya. Hapo hapo kinapita kitu juu ya paa, vikombe vinatetemeka kabatini. Nimesikia wenzangu wakijitia ujuzi: "Aa, hiyo ni ya aina fulani, inaenda mahali fulani." Usifanye hivyo hata kwa mzaha. Sema, "Ni ndege, nisubiri kidogo," usubiri, uendelee na neno lile lile uliloishia. Mteja hatakuuliza tena. Anajua anaongea na mtu wa ndege.

Kurekodi ni shida zaidi. Matangazo ya redio na ya WhatsApp narekodia ndani ya kabati la nguo. Magodoro ya kwenye studio sina, ila nina makoti mawili ya baba na blanketi zito la jeshi alilostaafu nalo, na hakuna sifongo ya dukani inayomeza sauti kama blanketi lile. Simu naiegesha kwenye kiatu, mdomo uwe upana wa kiganja kutoka maiki. Natoka na jasho kama nimetoka kuvuta nyavu. Alfajiri usitegemee sana, maana radi za ziwani hupenda saa hizo, na radi ya Victoria ikipiga hakuna kabati litakalokusaidia.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza niliona werevu kuweka daftari. Kila nikisikia mngurumo naandika: siku, saa, umedumu dakika ngapi, umetokea upande gani. Baada ya wiki sita nilikuwa na kurasa kumi na moja, zimepigwa mistari kwa rula, na nilijisifu kwamba sasa najua saa za kurekodi. Baba akaja kunitembelea. Nilikuwa jikoni nakaanga mukene, dagaa wa hapa ziwani, yeye kakaa mezani na chai, akaanza kufunua.

"Mama, hii ni nini?"

"Saa za kelele, Baba. Ili nijue nirekodi saa ngapi."

Akafunua tena, taratibu, akafika ukurasa wa mwisho. Akavua miwani.

"Wewe unaita saa za kelele. Unajua kambini mtu akikutwa na hili linaitwaje?"

Hakunijibia. Alisimama, akaja na daftari mpaka kwenye sigiri, akaliweka juu ya makaa ukurasa kwa ukurasa, akisubiri kila mmoja uishe kabla ya kuweka mwingine. Samaki walinuka moshi wa karatasi, tukawala hivyo hivyo. Hakulizungumzia tena mpaka anapanda boda kuondoka, akasema tu, "Kelele isubiri ipite. Usiihesabu."

Nami ndivyo nakuambia. Ratiba ya jeshi usiiandike popote, usiiweke kwenye kalenda ya simu, usimtumie mwenzako wa ofisini ujumbe wa "leo wameanza mapema". Nia yako njema haiandikwi pembeni mwa ukurasa.

Picha

Hapa ndipo vijana wengi wanaungua, kwa sababu masoko ya ndege yamezoea picha ya ndege. Kanuni yangu ya nyumbani ni fupi: kamera ielekee ziwani. Ukipiga picha barazani, darini au njiani, mgongo wako uwe uwanjani na lenzi iwe majini. Kila kitu kizuri cha Kigungu kiko upande huo hata hivyo: mitumbwi, machweo, wanawake wakianika mukene.

Uwanjani kwenyewe, kampuni ikiwa na ruhusa ya kupiga picha, ruhusa hiyo ina mipaka yake, na jukumu la kuijua ni lako kuliko la mpiga picha. Kabla ya kutuma picha yoyote naikuza na kutazama pembe zote nne, kisha vioo. Vioo ndiyo adui. Niliwahi kukaribia kuweka mtandaoni picha nzuri mno ya mama mmoja wa makamo akipanda ngazi, anacheka, upepo kwenye kitambaa chake. Nikaikuza mpaka kwenye miwani yake ya jua. Ndani ya kioo cha kushoto, kidogo kama punje ya mtama, kulikuwa na kitu kilichoegeshwa upande ambao sikuwa na biashara nao. Picha ile ilikufa. Tangu hapo wateja nawaomba wavue miwani, nawaambia ni kwa ajili ya macho yao mazuri.

Zima kipengele cha simu kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Usirushe matangazo ya moja kwa moja ukiwa karibu na uzio, na mshawishi wa mitandaoni mliyemkodi mwambie hayo kabla hajafika Entebbe, akiwa bado ana akili ya kusikiliza. Ukimwambia kwenye maegesho ameshaposti.

Droni sitaki hata kuijadili sana. Uganda droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali cha Wizara ya Ulinzi, hata kuiingiza nchini tu ni safari ya makaratasi. Mtu anayekaa jirani na njia ya kurukia ndege halafu anarusha droni ili apate picha ya machweo anatafuta mambo mawili mabaya, na la jeshi ndilo dogo. Kubwa ni rubani aliye na abiria 10 akishuka juu ya ziwa.

Ukitaka picha za ndege yenyewe, zipige huko inakokwenda. Ndege ikiwa kwenye nyasi za Kidepo na milima nyuma yake inauza kuliko ikiwa kwenye lami ya Entebbe. Kajjansi nako kuna kiwanja cha watu binafsi, ukiomba kwa wenyewe mnaelewana.

Nini cha kusema badala ya ndege

Kwa kunyimwa picha za ndege nilijifunza kuuza. Nilipokuwa na uhuru wote wa kupiga mabawa na propela, simu zilikuwa zinalia za watoto wa shule wanaotaka kuwa marubani. Mnunuzi hanunui bawa. Ananunua siku isiyopotea barabarani. Kampala hadi Kidepo kwa gari ni kutwa nzima, na wengi wanalala njiani. Kwa Caravan ni kama saa mbili. Andika hivyo, kwa maneno machache, na uweke picha ya kikombe cha chai: asubuhi Entebbe, chai ya saa nne Kidepo.

Kwa wateja wa sokwe, hawa wakubwa wanaoitwa gorila, ingia ndani zaidi, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipo na ndipo watu wanapokosea. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani, kwa mgeni kutoka nje, ni dola 800 tangu Julai 2024, na kina tarehe moja na eneo moja. Swali lako la kwanza kwa mteja lisiwe "unasafiri lini?" Liwe "kibali chako ni cha eneo gani?" Akisema Buhoma, mshushe Kihihi. Akisema Rushaga au Nkuringo, mpeleke Kisoro. Bwindi ni msitu mmoja kwenye ramani, ila ukimshusha upande usio wake atazunguka milima ya Kigezi kwa gari masaa mengi huku anakutaja kwa jina. Na usimuuzie ndege ya asubuhi ile ile ya kibali. Maelekezo ya walinzi wa hifadhi hutolewa mapema asubuhi, na Kisoro ukungu hauna saa ya kuondoka. Muuzie siku iliyotangulia, alale, umwambie sababu waziwazi. Nimepoteza wateja wachache kwa msimamo huu. Waliobaki wanaleta ndugu zao.

Tangazo lililowahi kunirudishia majibu mengi kuliko yote ni picha ya begi kwenye mizani. Begi laini la kitambaa, mshale kwenye kilo 15, basi. Watu hawajui kwamba ndege ndogo haikubali sanduku gumu la magurudumu, na wanakuja kugundua uwanjani wakiwa na sanduku la kilo 28 na hasira. Uzito wa abiria pia lazima uulizwe, kwa sababu Kisoro iko juu sana, hewa ni nyepesi na ndege inabeba pungufu. Namna ya kumuuliza shangazi wa mtu kilo zake bila kuvunja undugu sijaipata kikamilifu. Kwa sasa naandika, "Rubani anaomba," na lawama yote namtwika yeye.

Usichoahidi

Usiahidi dakika. Entebbe kuna Ikulu, kuna jeshi, kuna wageni wa serikali. Kuna wakati anga inashikiliwa na wewe na abiria wako mnakaa tu. Ujumbe wangu ni mmoja, uko tayari kwenye simu: "Bado hatujapata ruhusa ya kuruka, nitakujulisha." Hakuna neno kuhusu nani anapita au kwa nini, hata kama nimeona kwa macho yangu. Nikiulizwa nimeona nini, nimeona nguo zangu kwenye kamba.

Usiahidi pia ziara ya uwanja wa zamani. Utaombwa, hasa na Waisraeli na wapenzi wa historia, kwa ajili ya usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuwatoa mateka wa ndege ya Air France. Benjamin Netanyahu mwenyewe, akiwa waziri mkuu wa Israeli, alikuja pale mwaka 2016, miaka 40 baadaye, mahali ndugu yake Yonatan, mmoja wa makomando hao, alipouawa. Lakini pale ni ndani ya eneo la jeshi. Wanaotembelea wanapata ruhusa kwanza, na ruhusa hiyo haipo kwenye bei ya kiti chako. Mwelekeze mteja aombe kwa njia rasmi, mapema. Na tafadhali usiandike tangazo la kishujaa juu ya usiku ule. Askari wengi wa Uganda walikufa pale, na watoto wao wazee sasa ndio baadhi ya watu unaokutana nao sokoni.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mwaloni kununua samaki kwa Nalongo, jirani yangu. Kashika sato mkubwa kwa mkia, ananitajia bei: "Huyu mama, kwa sababu ni wewe, nakupa kwa elfu..." Kitu kikapita juu yetu. Akanyamaza, mdomo wazi, samaki hewani. Mimi nimenyamaza, mvulana wa boda kanyamaza, mzee anayeshona nyavu kasimamisha sindano. Hakuna aliyeinua kichwa. Mngurumo ukaisha.

"...kumi na tano," akamalizia.